Pampu ya Betri au ya Petroli?

Hapa Dundori mvua ikishika siku kadhaa, ukungu wa viazi haungoji mtu. Pampu ya petroli ina nguvu, lakini yataka mafuta, oili ya kuchanganya, plagi na fundi. Tena moshi uko mgongoni mwako. Ya betri unaichaji usiku, asubuhi unaingia shambani. Kwa robo eka twaona inatosha kabisa. Stima ikipotea je? Zipo zenye mpini wa mkono pia, tafuteni hizo.

Lakini betri ya asidi ikiachwa stoo bila chaji hadi msimu ujao, hufa. Chagueni mmoja aichaji kila mwezi, hata kama hakuna kazi, na aandike kwenye daftari. Kabla ya kulipa, ulizeni kama betri huuzwa peke yake.