Mtoto Akichelewa Kukua: Milango Mitatu, Kijitabu Kimoja

Mtoto wa miezi 18 ambaye hajasimama hana ofisi moja inayomsimamia. Mazoezi ya viungo vyake ni kazi ya hospitali ya kaunti. Tathmini ya namna atakavyosoma ni kazi ya Wizara ya Elimu. Kadi ya kumtambua kuwa ana ulemavu, ikiwa ataihitaji, hutolewa na baraza la kitaifa. Mzazi asiyeujua mpangilio huu huzungushwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine huku miezi ikipita, na miezi hiyo ndiyo ambayo mtoto angefaidika nayo zaidi. Somo hili linawaeleza wakazi wa Kaunti ya Kilifi nani hufanya nini, mtoto hupotelea wapi njiani, na jinsi ya kumshika mkono asipotee.

Kwa nini haraka

Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa tangu tumboni hadi mwaka wa tatu. Katika kipindi hicho mtoto hujifunza kutumia mikono, miguu, masikio na ulimi, na ubongo hujipanga kulingana na yale anayoyafanya kila siku. Mtoto ambaye misuli yake ni mikakamavu akianza mazoezi mapema, viungo huwa bado laini na hufundishika. Akichelewa, viungo vinaweza kukaza na kupinda, na hapo matibabu huwa magumu na ya gharama.

Kuchelewa hakumaanishi kila mara kwamba mtoto ana ulemavu. Wengine wana utapiamlo, wengine wamekuwa wakiugua mara kwa mara, wengine hawasikii vizuri na ndiyo sababu hawasemi. Jibu hupatikana kwa kumchunguza, si kwa kungoja.

Jambo hili si geni Kilifi. Utafiti uliofanywa katika kaunti hii na watafiti wa KEMRI na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto 61 kati ya kila 1,000 wenye umri wa miaka 6 hadi 9 walikuwa na athari za wastani au kali za ubongo na neva. Kifafa kiliongoza, kikifuatwa na matatizo ya kuelewa na ya kusikia. Watoto hao walikuwa tayari wamefika umri wa shule. Swali la somo hili ni jinsi ya kuwafikia wenzao kabla ya umri huo.

Dalili za kutazama

Kijitabu cha Mama na Mtoto ambacho kila mama hupewa kliniki kina ukurasa unaoonyesha hatua za ukuaji. Wazazi wengi hufungua ukurasa wa chanjo na wa uzani tu. Ukurasa wa hatua za ukuaji nao usomwe. Kwa ufupi, mtoto anatarajiwa:

• Kufikia miezi 2: atabasamu anapochekewa na afuate kitu kwa macho.
• Kufikia miezi 4: ainue na kushikilia shingo, ageukie sauti.
• Kufikia miezi 6: ajigeuze, anyooshe mkono na kushika kitu.
• Kufikia miezi 9: aketi bila kushikiliwa, arudierudie sauti kama “bababa”.
• Kufikia miezi 12: apige hatua akishikiliwa, aokote kitu kidogo kwa vidole viwili, apige makofi au apunge mkono.
• Kufikia miezi 18: atembee peke yake, anywe kwa kikombe, aseme maneno machache.
• Kufikia miaka 2: apige mpira teke, aonyeshe picha anapoulizwa, aunganishe maneno.

Watoto hawakui sawasawa, na kuchelewa kwa wiki chache katika hatua moja si jambo la kushtua. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, si siku aliyozaliwa, hadi atimize miaka miwili. Hata hivyo kuna mambo matatu yasiyongoja tarehe ya kliniki: mtoto kupoteza uwezo aliokuwa nao, mtoto kupata degedege, na mzazi kuhisi kwamba mtoto haoni au hasikii. Hapo aende kituo cha afya mara moja.

Mlango wa kwanza: afya

Kulingana na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vituo vya afya na hospitali za kaunti viko chini ya serikali ya kaunti. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, katika kliniki ya watoto. Huduma za ngazi hizo hulipiwa na Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi, bora familia iwe imejiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA.

Muuguzi humpima mtoto uzani na urefu, huuliza maswali kuhusu hatua za ukuaji, na akiona kasoro huandika barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa kama ile ya Kilifi au ya Malindi. Huko kuna madaktari, wataalamu wa tiba ya viungo, na wataalamu wanaomfundisha mtoto kula, kushika, kuvaa na kucheza, ambao wazazi wengi kliniki huwajua kwa jina la OT. Mtoto ambaye hasemi apimwe masikio kwanza.

Mtoto hahitaji kadi ya ulemavu ili aanze mazoezi. Hahitaji hata jina kamili la ugonjwa. Mtoto asiyeketi anaweza kuanza kufundishwa kuketi leo huku daktari akiendelea kutafuta chanzo.

Mlango wa pili: elimu

Elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti, lakini elimu ya msingi na elimu ya watoto wenye mahitaji maalum ni jukumu la serikali ya kitaifa. Tathmini hufanywa katika vituo vya EARC vilivyo chini ya Wizara ya Elimu, ambavyo vilianza nchini mwaka 1984. Afisa wa EARC huchunguza jinsi mtoto anavyoona, anavyosikia, anavyoelewa na anavyotembea, kisha hushauri iwapo asome katika shule ya kawaida akisaidiwa, katika darasa maalum, au katika shule maalum.

Wazazi wengi hudhani EARC ni ya watoto waliofika umri wa shule. Kituo hicho hupokea hata wadogo. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo humwelekeza mzazi kituo kilipo.

Mlango wa tatu: ustawi wa jamii

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huandikisha watu wenye ulemavu na kutoa kadi, na kuandikishwa ni bure. Kinachotangulia ni uchunguzi wa daktari katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, na mzazi huhitaji cheti cha kuzaliwa cha mtoto pamoja na kitambulisho chake mwenyewe. Kadi hii humwezesha mtoto kuomba vifaa kama kiti cha magurudumu, na misaada mingine.

Familia maskini inayomtunza mtoto mwenye ulemavu mkali, anayehitaji mtu wa kumhudumia mchana na usiku, inaweza pia kuzingatiwa katika mpango wa Inua Jamii, ambao hutoa Sh2,000 kwa mwezi kupitia kwa mlezi. Majina hayaingii wakati wowote. Huchukuliwa wakati wa uandikishaji. Kwa hiyo mzazi ajulishe ofisi ya chifu na afisa wa ustawi wa jamii mapema kwamba mtoto yupo.

Mtoto hupotelea wapi

Chukua mfano wa mtoto aliyelazwa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miezi 5. Alipona, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Hospitali ilihesabu kazi imekwisha. Miezi minne baadaye alichanjwa surua katika zahanati ya kijijini, lakini muuguzi hakuiona karatasi ya hospitali kwa sababu mama aliiacha nyumbani. Akiwa na mwaka na nusu hakuwa akitembea. Mama akaambiwa na majirani kwamba wavulana huchelewa. Akapewa rufaa, lakini nauli kutoka Ganze hadi Kilifi mjini ikakosekana mwezi huo na mwezi uliofuata. Alipofika miaka 4 alipelekwa chekechea, na mwalimu ndiye aliyeuliza mtoto huyu ametibiwa wapi.

Katika mfano huu hakuna mtu aliyekataa kazi yake. Daktari alitibu, muuguzi alichanja, mwalimu aliuliza. Kilichokosekana ni mtu wa kumkabidhi mtoto kwa mwenzake na kuhakikisha amepokelewa. Nafasi ambazo mtoto huangukia ni nne:

1. Baada ya kuruhusiwa hospitalini. Mtoto aliyezaliwa kwa shida, aliyezaliwa njiti, aliyepata umanjano mkali, malaria kali au homa ya uti wa mgongo, anahitaji kufuatiliwa hata akionekana amepona.
2. Baada ya chanjo ya miezi 9. Wazazi wengi huacha kliniki hapo, ilhali hatua za kutembea na kusema huja baadaye.
3. Kati ya barua ya rufaa na hospitali. Barua iliyoandikwa si huduma iliyopatikana.
4. Kati ya hospitali na chekechea. Mwalimu humpokea mtoto bila kujua alichofanyiwa.

Nani afanye nini

Muuguzi wa kliniki aandike dalili alizoziona ndani ya kijitabu, si kwenye karatasi pekee, na amjulishe mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji hicho kwamba mtoto amepewa rufaa.

Mhamasishaji wa afya ya jamii ndiye anayejua nyumba. Anapotembelea boma aulize si chanjo tu, bali pia mtoto anafanya nini sasa ambacho hakukifanya mwezi uliopita. Mtoto akiwa na rufaa, arudi kuuliza kama alifika. Ikiwa nauli ndiyo kikwazo, alifikishe jambo hilo kwa muuguzi ili familia ijue siku ambayo wataalamu huja karibu, au ipange safari moja kwa shughuli mbili.

Mtaalamu wa hospitali aandike majibu katika kijitabu: amemwona mtoto, amependekeza nini, arudi lini. Muuguzi wa kijijini akisoma maneno hayo anaweza kuendeleza.

Mwalimu wa chekechea aombe kuona kijitabu mtoto anapoandikishwa. Akimtilia shaka mtoto, amwelekeze mzazi EARC bila kumfukuza darasani. Kumrudisha mtoto nyumbani “mpaka atembee” ni kumnyima haki ya elimu ambayo Katiba, katika Ibara ya 53 na ya 54, imempa.

Chifu na wazee wa vijiji wafanye hesabu ya watoto wanaofichwa. Kilifi bado wapo watu wanaoamini kwamba mtoto wa namna hii ni laana, au kwamba degedege ni nyuni, na mara nyingi mama ndiye hulaumiwa. Mzazi aliyempeleka mtoto kwa mganga au kuombewa asigombezwe hadi aogope kuja. Aelezwe tu kwamba kliniki isiahirishwe kwa sababu hiyo, na kwamba kifafa kina dawa.

Mzazi ndiye kiungo pekee kinachokuwepo katika milango yote mitatu. Kijitabu kiende naye kila mahali: hospitalini, EARC, chekechea na kwa chifu. Aondokapo katika ofisi yoyote aulize maswali matatu: Niende wapi baada ya hapa? Nimwone nani? Nirudi lini? Majibu yaandikwe mle mle.

Nyumbani kati ya kliniki moja na nyingine

Mtaalamu humwona mtoto labda mara moja au mbili kwa mwezi. Siku zilizobaki ni za nyumbani, na mazoezi aliyofundishwa mzazi hufanywa wakati wa kuoga, kula na kucheza. Mtoto alazwe juu ya mkeka kifudifudi akiwa macho ili ainue shingo. Apewe kopo, kijiko cha mbao au mpira wa matambara avishike. Asemeshwe huku akitazamwa usoni, hata kama hajibu. Baba, nyanya na ndugu wakubwa wafundishwe mazoezi hayo hayo, maana mama mmoja huchoka. Mtoto mwenye shida ya kumeza alishwe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, kama mtaalamu alivyoelekeza.

Maswali ya kujadili katika baraza na vikundi vya akina mama

1. Katika kijiji chetu, mhamasishaji wa afya ya jamii ni nani, na anapatikana wapi?
2. Fungua Kijitabu cha Mama na Mtoto. Mtoto wako yuko katika hatua gani ya ukuaji?
3. Je, tunamjua mtoto aliyepewa rufaa ambaye hakufika hospitalini? Ni nini kilichomzuia?
4. Kikundi chetu kinaweza kusaidia vipi: nauli, kumwangalia nduguye mdogo, au kumsindikiza mama?

Mkazi mwenye mtoto anayemtia wasiwasi asingoje siku ya chanjo. Aende katika zahanati iliyo karibu siku yoyote ya kazi, akiwa na kijitabu mkononi, na aanze kwa kusema kile ambacho mtoto bado hafanyi.