Old Moshi Kabla ya Wajerumani

Mwezi uliopita niliwachukua vijana wanane wa darasa la kipaimara kwenda Old Moshi, kama kilomita 10 juu ya mji. Tulishuka bondeni kwa miguu, tukafuata mfongo kati ya migomba na mibuni, kisha tukapanda hadi Tsudunyi. Kijana mwenyeji aliyetuongoza alieleza vizuri, ila alisema Injili ililetwa hapa na Wajerumani. Mimi mwalimu mstaafu sikuweza kunyamaza.

Wamisionari wa CMS, yaani Waanglikana, walifika kwa Mangi Rindi mwaka 1885, mwaka uleule Askofu Hannington alipoitembelea Moshi, kabla hajauawa Busoga mwezi Oktoba. Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, alitaka bunduki kuliko mahubiri. Hata hivyo aliwapokea, wakakaa miaka saba.

Rindi alifariki 1891, akatawala mwanawe Meli. Juni 1892 Meli aliwashinda Wajerumani, na kiongozi wao von Bülow akauawa. Wajerumani wakawashutumu wamisionari wetu kwamba walimpa Meli silaha. Walikana, lakini ilibidi waondoke, wakahamia Taveta. Hapo ndipo Walutheri wa Leipzig walipopewa nafasi, nao walifanya kazi kubwa ambayo hatuna budi kuisifu. Basi, ndugu, Kanisa letu halikuja mlimani jana, lilikuja, likafukuzwa.

Meli alishindwa Agosti 1893, na Wajerumani wakajenga boma lao palepale. Mji ulihamia chini baadaye, reli ilipofika mwaka 1911. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Tsudunyi, pamoja na Molelia wa Kibosho, Ngalami wa Siha na wengine, watu 19 kwa jumla. Inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kuwa, kwa kupima vinasaba, mafuvu kadhaa yamepatikana kuwa ya koo za Kichagga zilizo hai. La Meli halikuwamo.

Tukiwa chini ya mti, binti mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa ndugu zake walizika nini?" Nilimtazama mwongozaji. Akajibu, "Bado tunangoja, dada."

Nitakwenda tena baada ya mavuno ya kahawa. Wazee watapanda gari hadi juu. Wa kutembea wavae viatu vya kushika, maana njia ya bondeni huteleza hata wakati wa kiangazi.