Kupima Chini ya Maji

Ukisimama penye magofu ya Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, palipo msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, waiona bahari imetandazwa kama mkeka. Lakini chini ya maji hayo mna mafungu ya mchanga, miamba na vilindi. Jicho haliyaoni hayo yote, na nahodha asiyeyajua aweza kupoteza chombo chake pamoja na watu wake.

Wareno waliyaona hayo. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 merikebu tatu za Vasco da Gama zilikuwa zikielekea Mombasa. Kabla ya mapambazuko, mkabala wa pwani hii, moja yao, jina lake São Rafael, ilipanda fungu. Maji yakapwa, nayo ikabaki pakavu. Watu wa pwani wakawajia kwa vyombo vidogo vyenye machungwa. Maji yalipojaa, merikebu ikaelea tena. Lakini Januari 1499, waliporudi kutoka Bara Hindi, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa ugonjwa. Waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Basi wakaiteketeza São Rafael papo hapo, na mafungu yale walikuwa wamekwisha kuyaita kwa jina lake.

Je, mtu apimaje mahali asipopaona? Zamani mabaharia walitumia bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kamba yenye alama za pima. Na pima moja ni futi 6. Chini ya bildi walipaka shahamu, ili mchanga au tope ligande. Hivyo walijua kina cha maji, tena wakajua kama nanga itashika.

Lakini kujua kina peke yake hakutoshi. Mpimaji hana budi kujua pia mahali alipo. Kwa hiyo zamani aliangalia vitu vya nchi kavu, kama kilele cha mlima au mnara, akazipima pembe zilizo kati yao. Tena aiandike saa, kwa maana bahari hujaa na kupwa. Katika pwani ya Tanga, wakati wa bamvua, tofauti hupita futi 10. Mtu akipima pima 3 maji yakiwa yamejaa, akaziandika vivyo hivyo, atamponza nahodha ajaye maji yamekupwa; maana badala ya futi 18 atakuta futi 8 au pungufu. Ndiyo sababu vina vya ramani huhesabiwa tangu maji yaliyokupwa sana.

Kati ya mwaka 1822 na 1826 Kapteni Owen, Mwingereza, aliipima pwani ya Afrika ya Mashariki kwa merikebu Leven na Barracouta. Wengi katika watu wake walikufa kwa homa. Kila tarakimu ndogo katika ramani ya namna hii ni bildi iliyotupwa kwa mkono wa mtu.

Siku hizi chombo hupeleka sauti chini, nayo hurudi kama mwangwi. Sauti husafiri majini karibu mita 1,500 kwa sekunde moja. Ikienda na kurudi kwa sekunde moja, kina ni mita 750.

Kazi hiyo yafaa hata katika mabwawa, kama lile la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 katika mto Pangani. Mto huleta udongo, udongo hutua chini, na nafasi ya maji hupungua. Atazamaye juu tu husema, "Bwawa limejaa"; lakini apimaye ndiye ajuaye ni kiasi gani maji, na ni kiasi gani tope.

Maswali
1. Kwa nini bildi ilipakwa shahamu?
2. Kwa nini mpimaji huandika saa?
3. Sauti ikienda na kurudi kwa sekunde 2, kina ni mita ngapi?