Dondoo muhimu: Ligonge tofali kabla ya kulilipia
Ukinunua matofali ya kuchoma katika eneo la Gumbo, ng'ambo ya mashariki ya Nile, amini mlio kuliko rangi.

1. Gonganisha matofali mawili: mlio mkali unaodumu ni dalili njema, kwani mawimbi ya sauti yamepita bila kizuizi, lakini mlio butu unaokatika upesi huashiria ufa au udongo usioiva, ambavyo humeza nguvu ya mawimbi hayo.
2. Usipime tofali lililolowa. Maji nayo huzima mlio.
3. Chagua ya kupima kutoka katikati na pembeni mwa tanuru, kwa kuwa moto hauyafikii sawasawa.
4. Wapo wasemao sikio hudanganya. Kwa tofali moja, ni kweli. Kwa hiyo linganisha mengi, kisha loweka machache saa 24, na yakimomonyoka ukatae mzigo.