Yethro Akiona Ratiba Yako, Atasema Nini?

Andiko la msingi: Kutoka 18:13–27
Soma pia: Kumbukumbu la Torati 5:12–15, 1 Wafalme 19:1–8, Marko 6:30–32



Mwaka jana dada mmoja wa timu ya sifa alianguka mbele ya watu, ibada ikiendelea. Wengine wetu tulianza kukemea pepo. Tulipomfikisha hospitalini, swali la kwanza la daktari lilikuwa, "Huyu alilala lini mara ya mwisho?" Hakuna aliyejua. Alikuwa kwa kesha la Ijumaa, Jumamosi akaja mazoezi, jioni akapika kwa matanga ya jirani, na Jumapili akasimama kuimba ibada zote mbili. Aliyeandika jina lake kwenye hiyo orodha ni mimi. Tangu siku hiyo nasoma Kutoka 18 kwa njia tofauti.

Musa hakuwa mvivu wala mwenye dhambi ya siri. Alikuwa anafanya kazi ya Mungu, kuanzia asubuhi mpaka jioni, na foleni haiishi. Baba mkwe wake, Yethro, alikuja kumtembelea, akala naye, akakaa siku moja akiangalia. Kisha akamwambia wazi kwamba utaratibu ule haufai, utamchosha Musa na watu pia. Kwa hivyo, mpendwa, kazi inaweza kuwa njema na namna ya kuifanya iwe mbaya.

1. Hesabu saa zako

Mimi nilisomea biashara, na jambo moja halijanitoka: usichoandika huwezi kukisimamia. Pesa tunaziwekea bajeti, lakini saa tunatumia tu. Wiki ina saa 168, kwa tajiri wa Milimani na kwa mama mboga wa Free Area sawasawa.

Tuchukue mama wa mfano anayekaa Lanet na kuuza mboga mjini. Kazi ni saa 11 kwa siku 6: hizo ni 66. Matatu kwenda na kurudi, 12. Kazi za nyumbani saa 3 kila siku, 21. Chama na kamati za harusi na matanga, 4. Sasa kanisa: ushirika wa nyumbani 2, Jumatano 2, kesha 7, mazoezi 3, Jumapili 6. Jumla 20. Ukijumlisha yote unapata 123. Zinabaki 45, yaani hazifiki saa 6 na nusu kwa siku. Hapo ndani alale, aoge, ale, aongee na watoto, na aombe peke yake. Halafu sisi tunamwambia amerudi nyuma kiroho kwa sababu anasinzia kwenye mahubiri!

2. Tenganisha mzigo wako na wa wengine

Yethro hakumwambia Musa aache huduma. Alimwambia achague watu waaminifu wa kusimamia maelfu, mamia, hamsini na makumi. Kesi ngumu tu ndizo zimfikie. Unaona hapo hata hamsini wana mtu wao.

Wengi wetu tunabeba kwa sababu tunaogopa kusema hapana. Tunaogopa mchungaji atasema tumepoa, tunaogopa watu wa kwetu watasema tumejivuna. Ukiombwa mchango wa harusi na karo haijalipwa, unachukua mkopo wa simu ili usionekane mbaya. Hiyo si imani, ni kuogopa watu, na deni lake linakuamsha saa nane usiku. Jifunze kusema kwa heshima, "Mama, mwezi huu sitaweza."

Na usimdharau Yethro wako. Mara nyingi ni mke wako, au mzazi aliyekuja kutoka Molo siku tatu tu na akaona kile wewe umezoea.

3. Pumziko ni alama ya uhuru

Katika Kumbukumbu la Torati 5, Musa anaeleza sababu ya siku ya kupumzika: kumbukeni mlikuwa watumwa Misri. Mtumwa hapumziki mpaka bwana wake atake. Aliyekombolewa anaweza kuweka kazi chini, kwa sababu anajua anayemlisha ni nani.

Lakini soma vizuri. Amri hiyo inataja pia watumishi wa kiume na wa kike, wapumzike kama wewe. Hapa ndipo inatuuma. Dada wa kazi aliyebaki na mtoto wako ukiwa kesha, yeye anapumzika lini? Kijana unayempa pikipiki alete pesa siku saba, anaingia kanisa gani? Hatuwezi kuombea amani ya nyumba zetu na tumewanyima wengine siku yao.

Najua si kila mtu anajipangia. Ndugu zetu wa mashamba ya maua Naivasha wanajua vile kazi inavyopanda kabla ya Februari 14. Kama Jumapili si yako, tafuta nusu siku nyingine na uilinde. Kanisa nalo lisikuhesabie dhambi.

4. Kula, lala, kisha omba

Eliya alitoka kwenye ushindi wa Karmeli, akakimbia, akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Safari ya Horebu ikafuata. Yesu naye, wanafunzi walipokosa hata nafasi ya kula, aliwaita kando wapumzike.

Kwenda Menengai kufunga na kuomba ni vizuri. Lakini kama mwili umekwisha, huenda unahitaji usingizi kwanza. Mwenye boda anajua kubadilisha oili kabla injini haijagonga.

Na kama usingizi umepotea kwa majuma, au unafikiri ni afadhali ufe, usinyamaze. Mwambie mtu leo, na uende hospitali. Kumwona daktari au mshauri si kukosa imani. Tutakuombea na tutakusindikiza.

Tulichobadilisha sisi

Orodha yangu mpya ina sheria mbili: hakuna mhudumu anayesimama ibada zote mbili, na kila mmoja ana Jumapili moja kwa mwezi ya kuketi tu na kusikiliza. Nafasi zimebaki wazi. Ndiyo, nakuomba wewe unayekuja na kurudi nyumbani: chukua moja.

Ya kujadili kwenye ushirika wa nyumbani

1. Andika saa zako 168. Ni nini kinakula nyingi kuliko ulivyodhani?
2. Ni mzigo gani umebeba kwa kuogopa watu?
3. Nani hapumziki kwa sababu yako?

Tuombe: Bwana, utusamehe tulipochosha watu wako kwa jina lako. Utupe hekima ya kupanga, ujasiri wa kusema hapana, na usingizi wa amani usiku huu. Katika jina la Yesu, Amina.