Kufundisha Habari za Vita: Kikosi cha Manowari Kilichokimbilia Kilindini

Katika mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya Darasa la Sita tukimtazama mwanachuo wetu akifundisha Vita Kuu ya Pili. Alijaza ubao majina ya majemadari na tarehe, nao watoto wakanakili kimya. Alipotaja kwamba mwaka 1942 manowari kubwa za Uingereza zilikuja kutia nanga Kilindini, Mombasa, mtoto mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kama zilikuwa na nguvu hivyo, mbona zilikimbia?" Mwanachuo akamjibu kwamba swali hilo halimo katika mtihani, akaendelea kuandika.

Tulipotoka nje tulijiandaa kumsahihisha. Kisha tukakumbuka kwamba maandishi yale ya ubaoni aliyapata kwetu sisi wakufunzi. Sisi ndio tuliompa tarehe bila sababu. Makala haya basi ni masahihisho yetu wenyewe kabla ya kuwa masahihisho yake.

Maarifa anayohitaji mwalimu

Mwalimu asiyejua zaidi ya kitabu cha mwanafunzi huliogopa swali. Kwa hiyo tuanze na habari zenyewe.

Tarehe 10 Desemba 1941 ndege za Japani zilizamisha manowari mbili za Uingereza, Prince of Wales na Repulse, karibu na pwani ya Malaya. Tarehe 15 Februari 1942 Singapore ikaanguka. Uingereza ilikusanya upya jeshi lake la majini la Mashariki katika Bahari ya Hindi, chini ya Admeri James Somerville. Sehemu moja ya jeshi hilo ilikuwa Kikosi cha Tatu cha Manowari Kubwa, chini ya Algernon Willis, chenye manowari nne za aina moja: Resolution, Ramillies, Royal Sovereign na Revenge.

Manowari hizo zilikuwa zimejengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza; Revenge ilipigana Jutland mwaka 1916. Kila moja ilikuwa na mizinga mikubwa 8 yenye kipenyo cha milimita 381. Lakini mwendo wake haukuzidi sana maili 20 za bahari kwa saa. Wajapani walikuja na manowari 5 zibebazo ndege, ambazo mwendo wake ulizidi maili 30 kwa saa.

Tarehe 5 Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo, na siku hiyo hiyo zikazamisha baharini manowari Cornwall na Dorsetshire. Tarehe 9 Aprili zilishambulia Trincomalee na kuzamisha Hermes, manowari ya Kiingereza ibebayo ndege. Somerville alijaribu kujiweka mbali mchana na kumkaribia adui usiku, lakini majeshi hayo makubwa hayakukutana. Mwezi huo huo aliamua kukipeleka kikosi cha manowari nzee Kilindini, na bandari hiyo ikawa kituo kikuu cha jeshi hilo hadi mwaka 1943, makao makuu yaliporudi Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka.

Kazi ya kikosi kutoka Kilindini ilikuwa kulinda misafara ya meli. Njia ya kuzunguka Afrika ya Kusini na kupitia mlango wa bahari wa Msumbiji ndiyo iliyopeleka askari na silaha Misri. Mei 1942 Waingereza walivamia Diego Suarez, Madagaska, na Ramillies ilikuwamo. Tarehe 30 Mei nyambizi ndogo ya Kijapani iliingia bandarini humo ikaipiga Ramillies kwa topido. Manowari iliharibika lakini haikuzama. Meli ya mafuta iliyokuwa karibu ilizama.

Hatua za somo

Shabaha ya somo iandikwe hivi: mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kueleza kwa sababu mbili kwa nini kikosi kiliondoka Ceylon. Neno "kueleza" ni zito kuliko neno "kutaja". Shabaha isemayo "kutaja" huzaa kipindi cha kunakili.

Hatua ya kwanza, ramani. Chora Bahari ya Hindi ubaoni kabla ya kipindi. Wanafunzi waonyeshe Singapore, Colombo, Madagaska, Mombasa na Suez. Waulize: meli iendayo maili 20 kwa saa itasafiri maili ngapi usiku na mchana? Watapata 480. Hesabu na historia zikikutana, mtoto huona kwamba bahari ni pana kweli.

Hatua ya pili, uwanjani. Hatua moja ya mguu iwe kilometa 10. Mtoto mmoja awe manowari nzee: mizinga yake ilifika kilometa 20 na kidogo, basi apige hatua mbili na kuweka jiwe. Mwingine awe ndege kutoka manowari ya Kijapani: apige hatua thelathini. Waache watazame mawe hayo mawili. Hapo swali la yule mtoto litajijibu, wala mwalimu hatahitaji kuhubiri.

Hatua ya tatu, uamuzi. Gawa darasa katika makundi. Kila kundi lijibu: wewe ni Somerville, una manowari hizi nne, utabaki au utaondoka? Lazima litoe sababu. Usiharakishe kutangaza jibu. Baadhi watasema kukimbia ni woga. Waulize ni nani angelinda misafara kama manowari zote zingezama.

Hatua ya nne, watu. Hapa ndipo sisi hukosea zaidi. Tukiishia kwenye manowari, mtoto ataondoka akidhani kwamba vita vilikuwa vya Waingereza na Wajapani peke yao. Mweleze kwamba brigedi ya askari wa Afrika Mashariki ilipelekwa Madagaska mwaka 1942 ikapigana humo. Mweleze habari za Khedive Ismail, meli iliyoondoka Kilindini Februari 1944 ikielekea Colombo, ikiwa imechukua askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Tarehe 12 Februari nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa dakika chache, na watu zaidi ya 1,200 wakafa. Wakati huo msafara ulisindikizwa na manowari nyepesi. Kikosi cha manowari nzee kilikuwa kimekwisha ondoka.

Tahadhari

Kwanza, tusiwasifu watawala wa zamani kwa sababu ya ukubwa wa vyombo vyao, wala tusiwadhihaki kwa sababu walirudi nyuma. Kazi yetu ni kueleza. Pili, tusidai kwamba askari wetu walipigania jambo lao wenyewe. Walipelekwa na serikali za kikoloni, wengine kwa hiari na wengine kwa shuruti. Tatu, wazee walioyaona mambo hayo wamebaki wachache mno. Ikiwa kijijini yupo mzee mwenye kumbukumbu ya baba yake askari, aombwe kwa adabu aje shuleni, naye asikatizwe kauli.

Kupima

Usiulize manowari ilikuwa na mizinga mingapi. Uliza: "Kwa nini kikosi chenye mizinga mikubwa kilishindwa kubaki Ceylon?" na "Nani walikufa kwa ajili ya njia ile ya bahari?" Majibu yatakuwa ya urefu mbalimbali na kuyasahihisha kutachosha. Tunajua, maana tumeketi na madaftari hayo.

Manowari zote nne zilivunjwa kuwa chuma chakavu miaka ya 1948 na 1949. Yule mwanachuo alirudi darasani wiki iliyofuata, akaanza kipindi kwa kumwita yule mtoto kwa jina na kumwomba alirudie swali lake.