"Hatuondoki": Kukataa kwa Rubani Kama Tendo la Usemi

Wanafunzi wa lugha huzoea kutafuta mifano ya pragmatiki sokoni, mahakamani na darasani. Makala hii inaitafuta mahali pengine, yaani katika kazi ya rubani aliyeajiriwa na chuo kikuu. Swali letu ni hili: mtu mwenye cheo kidogo chuoni anawezaje kumwambia mkuu wake "hapana", na "hapana" hiyo ikasikika jinsi ilivyo?

1. Kazi yenyewe

Vyuo kadhaa vya Marekani vina idara za ndege. Purdue University, jimboni Indiana, ilikuwa na uwanja wake tangu 1930. Idara hizo ni za namna mbili: zipo zinazofundisha urubani, na zipo zinazosafirisha viongozi, watafiti, madaktari na timu za michezo. Ni hii ya pili inayotuhusu hapa, kwa kuwa abiria wa rubani ndio wakubwa wake. Anayeketi nyuma yake leo ndiye atakayetia sahihi mkataba wake kesho.

Bunia hatuna idara ya namna hiyo. Kazi iliyo karibu nayo ni ile ya mashirika kama MAF, yanayobeba wauguzi, wachungaji, walimu na wagonjwa kwenda kwenye viwanja vidogo vya udongo. Mazingira yetu yanaifanya kazi hiyo iwe na masharti makali. Uwanja wa Bunia uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi, kwa hiyo ndege inahitaji njia ndefu zaidi ili ipae, au ipunguziwe mzigo. Tena, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na kiwanja kisicho na taa hakimsubiri mtu. Basi rubani hulazimika kukataa mara kwa mara: kukataa mzigo, kukataa saa, kukataa wingu.

2. Neno na mamlaka

Neno "rubani" limetoka Kiarabu, na kabla ya kuingia angani lilikuwa la baharini. Rubani alikuwa mjuzi wa njia, aliyeongoza chombo penye miamba na mikondo. Mwenye shehena alijua anachotaka, rubani alijua kinachowezekana. Maana hiyo imebaki. Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinampa rubani kiongozi uamuzi wa mwisho juu ya ndege anapokuwa na dhamana yake. Wahenga walikwisha kusema: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Lakini mamlaka iliyoandikwa haitoshi, kwa kuwa lazima itamkwe. J. L. Austin alitufundisha kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda. Rubani anaposema "Hatuondoki", safari imesimama. Akisema "Naona wingu kule", ametoa habari tu, na msikilizaji yuko huru kuifanyia atakalo.

3. Heshima inapoficha ujumbe

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya shirika la Avianca kutoka Colombia iliishiwa mafuta ikikaribia New York, ikaanguka. Kati ya watu 158, 73 walikufa. Ilikuwa imezungushwa angani zaidi ya saa moja. Rubani mkuu alimwagiza msaidizi wake, kwa Kihispania, awaambie waongozaji kwamba wako katika hali ya dharura. Msaidizi alisema kwa Kiingereza kwamba mafuta yanakwisha. Neno "dharura" halikuvuka. Kwa waongozaji, neno hilo ndilo ambalo lingebadilisha kila kitu. Mafuta hupungua katika kila ndege.

Tangu 2008 kanuni za ICAO zinadai rubani wa safari za kimataifa awe na angalau daraja la 4 kati ya 6 katika lugha ya redioni. Hupimwa matamshi, muundo, msamiati, ufasaha, ufahamu na maingiliano, na alama ya chini kabisa ndiyo inayohesabiwa. Kipimo hicho kinahusu redio. Mazungumzo ya chini, kati ya rubani na mkuu wake kabla ya kupaa, hayapimwi na mtu.

4. Sentensi tatu

Tuchukue mfano wa kutunga. Ni saa nane mchana, radi iko juu ya njia, na mkuu wa chuo ana mkutano. Rubani anaweza kusema:

(a) Baba Rekta, pengine tungesubiri kidogo, kama haitawasumbua.
(b) Sidhani kama tutaondoka sasa.
(c) Hatuondoki sasa, Baba Rekta. Radi iko juu ya njia. Saa tisa nitaangalia tena na kuwaambia.

Katika (a), "pengine", "-nge-", "kidogo" na "kama" ni vipunguza makali vinne kwa kauli moja. Mkuu anaweza kujibu "haitanisumbua, twende" bila kumvunjia mtu heshima. Katika (b), kinachokanushwa ni kudhani. Kuondoka kumeachwa bila kuguswa. Katika (c), kiambishi "ha-" kinatangulia mwanzoni mwa kitenzi, na kukataa kunasikika kabla ya jambo lenyewe. Heshima haijapotea: imo katika "Baba Rekta", katika sababu, na katika ahadi yenye saa. Kiswahili kinaruhusu heshima ikae kwenye wito, na uamuzi ukae kwenye kitenzi. Tukivichanganya, tunapata (a).

5. Kukataa kulikoandikwa

Hata hivyo si haki kuuacha mzigo wote kwa ulimi wa mtu mmoja. Tarehe 27 Januari 2001, ndege iliyobeba sehemu ya msafara wa timu ya mpira wa kikapu ya Oklahoma State University ilianguka Colorado, na watu wote 10 wakafa. Wachunguzi walitaja hitilafu ya umeme wa vyombo na rubani kupoteza mwelekeo angani. Waliona pia kwamba chuo hakikuwa na usimamizi wa maana juu ya safari ile. Baadaye chuo kiliandika utaratibu mpya wa safari za timu zake.

Utaratibu ulioandikwa ni tendo la usemi lililofanywa mapema, wakati hakuna mvua wala mkutano. Rubani anayesema "utaratibu wetu hauruhusu" hazungumzi peke yake. Chuo kizima kinazungumza naye, pamoja na mkuu aliyeutia sahihi.

6. Mazoezi

(i) Andika upya sentensi (a) kwa Kiswahili cha mjini Bunia, pamoja na maneno yake ya Kifaransa na Kilingala. Ni vipunguza makali gani vimebaki, na vipi vimepotea?
(ii) Muuguzi anaona daktari ameandika kipimo cha dawa kisicho sahihi. Mtungie sentensi ya aina ya (c).
(iii) Andika kwa mistari mitano utaratibu wa gari la chuo ambao dereva anaweza kuusoma kwa sauti mbele ya mkuu wake.